Kamba Nyekundu ya Mama wa Uyole

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila mvua ikipiga bati la ukumbi namba tatu inanirudia yote, mpaka harufu ya chaki. Kaa kwanza. Najua umekuja kuchukua faili la visa vya darasani, na faili nitakupa. Kozi ni yako kuanzia muhula ujao, na mimi nimebakiza wiki mbili nikabidhi ofisi nirudi zangu Mlandege nikaangalie kuku. Lakini faili hili silitoi bila maneno. Ukiona nakuwa mkali katikati ya maelezo usiudhike, ukali wenyewe najielekezea mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nimetoka kusoma, nina shahada ya pili, nina viatu vya kisigino, na hapa Iringa nilijiona ndiye mtu pekee anayejua Kiingereza cha biashara kinavyofundishwa. Kiburi nilikuwa nacho cha kujaza gunia la lumbesa, lile linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa juu ya kichwa. Walimu wenzangu walikuwa wanafundisha kwa kuandika barua ubaoni na wanafunzi wananakili. Mimi nikasema hapana, tunafundisha kwa visa. Unawapa wanafunzi mkasa wa biashara, unawagawa makundi, huyu anakuwa muuzaji, huyu mnunuzi, huyu msafirishaji, wanabishana kwa Kiingereza, mwisho wanaandika barua. Ndivyo unavyofundisha hata wewe, na ni njia nzuri. Sijawahi kuijutia njia yenyewe, nisikilize mpaka mwisho.

Shida ilikuwa kitabu. Visa vyote vilikuwa vya huko mbali, hoteli ya watu wanaoteleza kwenye theluji, kiwanda cha jibini, sijui kampuni ya kukodisha boti. Nikiwapa watoto wa Njombe na Tukuyu wananitazama tu. Mmoja aliniuliza kama theluji inauzwa kwa kilo. Darasa likacheka, nami nikacheka, ila moyoni niliumia. Nikaapa nitaandika kisa changu mwenyewe, cha hapahapa, chenye vitu wanavyovijua.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu Festo akapita nyumbani. Festo alikuwa dereva wa lori, anapakia viazi mviringo Uyole anapeleka Dar. Nikampikia ugali na mboga, akala huku analalamika. Akanisimulia habari ya mama mmoja mjane pale Uyole, muuza viazi mkubwa, ambaye mzigo wake yeye Festo ndiye aliupeleka Dar, ukafika umeoza nusu nzima, mnunuzi akaukataa palepale sokoni. Festo akasema yule mama alifukia viazi vibovu chini ya magunia na kupanga vizuri juu. "Wale wamama wa Uyole, dada Eliza, wewe waone hivyohivyo," akasema, akanawa mikono, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza, kichwani naandika. Kwa siku mbili kisa kikawa tayari, kurasa tatu. Jina la yule mama nilibadilisha nikamwita Mama T. Nikajiona muungwana sana kwa hilo. Lakini ujane wake niliuacha. Uyole niliiacha. Kibanda chake kutazamana na fundi wa matairi ya trela nilikiacha. Na niliacha jambo moja alilolitaja Festo, kwamba magunia yake yote hushonwa mdomo kwa kamba nyekundu ya nailoni. Unajua kwa nini niliiacha ile kamba? Kwa sababu ilipendeza kwenye sentensi. Sina sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote hii sijaipata.

Mkuu wa idara alikuwa Mzee Luvanda, mtu wa maneno machache, koti lake moja la kijivu. Nikampelekea kurasa tatu nipate sifa. Akasoma taratibu, akavua miwani, akaniuliza, "Mwenyewe anajua?"

Nikamwambia, "Mwalimu, ni kisa cha darasani tu. Jina nimebadilisha."

Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu chakula ulichokataa kwa heshima. Mimi nikatoka pale nasema moyoni, huyu mzee mambo ya kisasa hayajui. Nikapeleka kisa stesheneri ya getini kikarudufiwe, nakala moja wakabaki nayo ili kila anayetaka akatoe kopi.

Siku ya kipindi mvua ilinyesha. Darasa la mwaka wa tatu, limejaa. Nikatengeneza vikaratasi, nikavitia kwenye kikombe, kila mmoja achote upande wake. Alikuwepo binti mmoja anaitwa Atupele, mkimya, anakaa safu ya pili karibu na dirisha, anaandika vizuri kuliko wengine wote lakini kuongea mpaka umbembeleze. Akachota mnunuzi. Nikafurahi. Nikasema leo huyu ataongea apende asipende.

Nikawapa dakika ishirini za kusoma. Wengine wananong'ona, wanacheka, wanaijua lumbesa, wanajua Uyole, kila kitu wanakijua. Nilikuwa natembea katikati ya madawati nimejaa furaha. Nilipofika kwa Atupele nikamkuta yuko ukurasa wa kwanza bado, kidole kimekaa kwenye mstari mmoja, hakisogei. Akanyanyua uso akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, naomba kubadilisha kundi."

Nikamwambia, "Kwenye biashara huchagui upande. Simama uanze."

Kazi ya mnunuzi ilikuwa kusimama mbele, aukatae mzigo, amwambie muuzaji kwa Kiingereza kwa nini hatafanya naye biashara tena. Atupele akaja mbele. Akasimama. Karatasi ameishika kifuani, haisomi, nami nikaona ile ni hofu ya Kiingereza, maana hofu hiyo naijua, nimeiona kwa mamia. Nikamwambia muda unakwenda. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nyuma kule wakaanza kucheka cheko la chinichini. Kijana mmoja wa Mbeya, Gwakisa, mcheshi wa darasa, akasema kwa Kiswahili, "Madam, huyo mama ni mwizi tu, hakuna cha kujadili." Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikatabasamu, mwanangu. Nilitabasamu na Atupele aliniona.

Ndipo akaongea. Kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kutazama karatasi, alisema kwamba huyu muuzaji anamfahamu, na hajawahi kuficha kiazi kibovu hata kimoja.

Mwalimu mwenye akili angesimama hapo. Angejiuliza, anamfahamu vipi? Mimi nilisikia tu kwamba mwanafunzi ametoka nje ya kazi niliyompa. Nikamwambia wewe ni mnunuzi, ongea kama mnunuzi, vinginevyo naandika sifuri. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaenda kwenye kiti chake, akachukua begi, akatoka kwenye mvua. Nami nikafungua daftari mbele ya wote nikaandika sifuri, nikaisoma kwa sauti ili wengine waogope.

Siku ya tatu Gwakisa akaja ofisini. Ucheshi wote umemwisha, anashika mlango kama anaogopa kuingia. "Madam," akasema, "Atupele ameondoka na begi lake kubwa. Amerudi Uyole. Amesema chuo basi."

Nikamuuliza kwa sababu ya sifuri moja?

"Yule mama wa kamba nyekundu ni mama yake, Madam. Mimi nilikuwa sijui. Ningejua nisingesema vile." Akaachia mlango. "Na ile karatasi imeshafika sokoni. Kuna mtu alitoa kopi hapo getini akaenda nayo. Wanasomeana. Wanasema hata chuo kimeandika."

Ngoja nikueleze biashara ya pale ilivyokuwa, uone nilichokuwa nimekifanya. Wanunuzi wa Dar walikuwa hawafiki Uyole kila wiki. Walikuwa na vile visimu vya tochi, wanapiga, wanasema nipakilie magunia kadhaa. Mzigo unashuka Dar kabla mtu hajauona. Sasa wataujuaje ni wa nani? Kwa kamba. Kila muuzaji na rangi yake, huyu bluu, huyu njano, na kamba ya mtu haigusi mwingine. Mnunuzi akiona nyekundu mdomoni mwa gunia hafungui, anapokea. Yule mama alikuwa ameshona nyekundu tangu mumewe yuko hai. Mzigo mmoja kuoza watu wangesamehe, viazi vinaoza. Lakini mimi nimeandika, tena kwa Kiingereza, tena kwa mhuri wa chuo juu, kwamba kamba nyekundu inafunika uozo. Wateja wake watatu wakubwa walikuwa wameshapiga simu kusema wasubiriwe kwanza.

Nikudanganye nini? Nilipomsikia Gwakisa sikumfikiria Atupele. Nilifikiria kazi yangu. Nilifunga mlango nikaanza kutafuta jinsi ya kusema kwamba kisa ni cha kubuni, kwamba kamba nyekundu ziko nyingi. Nilikaa hivyo karibu saa nzima. Kisha nikaenda kwa Mzee Luvanda nikamwambia yote, isipokuwa jambo moja. Alipouliza nani alinisimulia, nilisema, "Dereva mmoja."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alisema, "Mimi nilikuuliza swali moja tu, Eliza, na wewe ukaniona mshamba." Akafungua droo, akatoa kofia yake. "Kesho alfajiri tunakwenda. Mtu haendi kuomba radhi peke yake. Mimi nitasema, wewe utanyamaza mpaka uulizwe. Na ukiulizwa, usipunguze."

Hilo neno la usipunguze ndilo lililonikosesha raha basi zima. Tulipofika Makambako basi likasimama abiria wachimbe dawa, wajisaidie, nikajitenga nyuma ya kibanda cha mahindi nikampigia Festo. Nikamuuliza ule mzigo ulichukua siku ngapi njiani. Akanijibu mambo ya barabarani ni mengi. Nikamwambia Festo, mimi ni dada yako, nijibu. Akasema alisimama Mafinga siku mbili, rafiki yake alikuwa anaoa. Mvua ilinyesha, turubai hakulifunga vizuri, maji yakaingia, jua likawaka, viazi vikajipika humohumo ndani. Alipofika Dar akamwambia tajiri yake na mnunuzi kwamba mama alifukia vibovu. "Dada, wakijua nafukuzwa," akasema. "Nina watoto wawili." Basi likapiga honi.

Nikarudi kukaa pembeni ya Mzee Luvanda. Yeye anatazama nje, anahesabu mashamba ya miti. Mimi nimebeba moyoni kitu ambacho nikikitoa namwangamiza mdogo wangu, nisipokitoa namwangamiza mama wa watu na mwanawe. Sikumwambia. Kutoka pale mpaka Uyole sikumwambia, na mara tatu nilifungua mdomo.

Tulimkuta kwenye kibanda chake, kutazamana na fundi wa matairi, kama nilivyoandika. Mama wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani, shazia mkononi anashona gunia. Atupele amemshikia mdomo wa gunia. Aliponiona hakunisalimu, aliangalia chini. Pembeni wapakiaji wanne wamekaa juu ya mzigo. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye kamba. Ilikuwa nyeupe. Magunia yote, safu nzima, yameshonwa kwa kamba nyeupe.

Mzee Luvanda akavua kofia, akasalimia, akasema sisi ni watu wa chuo, tumekuja na makosa yetu, hatukuja na maelezo. Aliongea kwa upole sana. Mama Atupele alikuwa anashona tu, anachoma, anavuta, anachoma, anavuta. Mzee alipomaliza, yule mama akasema bila kunyanyua kichwa, "Karatasi yenyewe nimesomewa vipande. Huyu ananiambia hiki, yule kile, kila mtu na tafsiri yake. Mimi Kiingereza sikijui. Mwenye karatasi yuko hapa, anisomee yote kwa Kiswahili."

Nikasema sina nakala. Mmoja wa wapakiaji akaitoa mfukoni, imechakaa, ina alama za vidole vya udongo. Akanipa.

Mwanangu, mimi nimesimama mbele ya maprofesa, nimesimama mbele ya mgeni rasmi. Sijawahi kusimama mahali pagumu kama pale. Ilinibidi nisome sentensi zangu moja moja nizigeuze Kiswahili, soko linasikia, fundi wa matairi ameacha kugonga. Na maneno yaliyokuwa mazuri kwa Kiingereza, nilipoyasema mbele ya mwenyewe yakawa machafu. Mjane. "Endelea," akasema. Kibanda. "Endelea." Kamba nyekundu. Nikakwama. Shazia ikasimama kidogo, ikaendelea. "Endelea, mwalimu." Nikasoma kwamba alipanga vibovu chini na vizuri juu kwa kujua.

Hapo akaweka shazia juu ya gunia. Akaninyanyulia macho kwa mara ya kwanza. "Hapo," akasema. "Hapo nani alikuambia?"

Mzee Luvanda akageuka kunitazama naye. Atupele akanitazama. Nilikuwa naweza kusema dereva mmoja. Wangekubali. Madereva ni wengi, barabara ni ndefu. Nilimwona Festo mdogo, nilivyokuwa nambeba mgongoni kwenda kisimani kwetu. Nikaogopa hasa.

Nikasema, "Ni mdogo wangu wa tumbo moja, mama. Yeye ndiye aliyekuwa dereva. Alilala Mafinga siku mbili kwenye sherehe na turubai halikufungwa. Viazi vyako vilikuwa vizima. Nimeyajua haya leo njiani. Nilipoandika sikuwa nimemuuliza mtu mwingine yeyote."

Mama Atupele alipangusa mikono kwenye kanga yake. Nilitegemea anitukane, na ningepokea. Akasema tu, "Kumbe mlikuwa mnaweza kuuliza."

Kisha akatoa masharti yake, na hakuyatoa kwa hasira. Alisema mlinisema nikiwa sipo, sasa nitakuja kusema nikiwepo. Siku hiyo hiyo ya kipindi, saa hiyo hiyo, wanafunzi walewale. Akamgeukia binti yake akamwambia, "Wewe utanitafsiria. Ada yangu haiwezi kwenda bure."

Na alikuja. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kufunika, akakaa mbele kwenye kiti changu mimi, maana nilimpisha. Akaanza kueleza anavyonunua viazi shambani, anavyochambua, anavyoingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani kuhakikisha vya chini ni sawa na vya juu kabla hajashona. Atupele amesimama pembeni anageuza Kiingereza. Mwanangu, kile Kiingereza. Mama akisema jambo kwa ukali, binti analisema kwa ukali uleule. Mama akinyamaza, naye ananyamaza. Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili nikidhani hawezi kuongea.

Gwakisa alisimama, akaomba radhi kwanza, kisha akauliza swali zuri kuliko yote yaliyokuwa kwenye kisa changu, kama mzigo ukiharibika njiani ni nani mwenye kubeba lawama, na je, kulikuwa na maandishi yoyote kati ya muuzaji na msafirishaji. Mama akajibu hakuna, ni kuaminiana tu. Basi darasa zima likaingia kazini. Kundi moja likaandika hati ya makabidhiano ya mzigo, lingine barua kwa mnunuzi, na barua ya kusahihisha niliandika mimi, kwa Kiingereza na Kiswahili, nikaweka jina langu kamili. Gwakisa ndiye aliyekwenda kuibandika Uyole. Ile sifuri niliikata mbele ya darasa nikasema kwa nini nilikosea. Atupele alifanya mtihani, akafaulu, akahitimu.

Ungependa niishie hapo, najua. Lakini Mzee Luvanda, Mungu amweke pema, aliniambia nisipunguze. Wateja wawili wa yule mama walirudi. Wa tatu hakurudi kamwe. Festo alifukuzwa kazi, na miaka sita hakukanyaga nyumbani kwangu, tulikuja kusalimiana kwenye msiba wa baba yetu, naye akanipa mkono huku anaangalia pembeni. Mke wake bado hanisemeshi vizuri, na simlaumu. Atupele alinishukuru kwa heshima siku ya mahafali, akaniita Madam, akaondoka. Na mama yake, nilipopita Uyole mwaka uliofuata, bado alikuwa anashona kwa kamba nyeupe. Nikamuuliza mbona hukuirudia yako. Akasema, "Hiyo watu wameshaisoma, mwalimu." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna vitu barua ya kusahihisha haivifikii.

Sasa sikia, nikupe faili lako. Fundisha kwa visa, mwanangu, usirudi kwenye kunakilisha barua. Watoto wetu wanataka kubishana juu ya viazi, chai, mbao, nguzo za umeme, vitu vya kwao, na Kiingereza kitawatoka chenyewe. Lakini kisa ukichukue kwa mwenye nacho, kwa kubisha hodi, siyo kwa mtu aliyepita kula ugali. Mwenyewe akikataa, kiache hata kama ni kitamu namna gani. Akikubali, msomee kwa lugha anayoielewa, yote, kabla mwanafunzi hajaiona hata herufi moja. Ukishasikia upande wa kwanza, usiketi kuandika, nenda kwa wa pili, na ukikuta wa kwanza ni ndugu yako ndiyo uende mbio zaidi. Kitu kikikupendeza kwenye sentensi na kinamtambulisha mtu, kitoe. Na mwanafunzi akisimama mbele yako akanyamaza, usikimbilie kusema hajui Kiingereza. Kaa chini, muulize taratibu, mpe nafasi akuambie. Siku zile karatasi yangu ilichukua siku tatu kufika Uyole. Ya kwako, kwa hizi simu zenu, itafika kabla hujafuta ubao.

Fungua faili uone. Chini ya kila kisa kuna sahihi ya mwenyewe, na asiyejua kuandika kuna dole gumba. Madole yameongezeka, eeh? Ni ya miaka yote hiyo, na sikupata hata moja kwa kukaa ofisini. Cha kwanza kabisa ndicho hicho cha viazi, kilichoandikwa upya, kurasa mbili, Kiingereza ni cha Atupele, dole gumba la zambarau ni la mama yake. Usikifundishe mpaka umekwenda Uyole ukamwomba na wewe. Mimi alinipa mimi, hakukupa wewe. Bado yupo palepale, mzee sasa, na nimeshampigia simu kumwambia utakuja.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio kabla ya kalamu. Akupe wanafunzi wenye kukubishia na mzee wa kukurudishia karatasi kwa mikono miwili, nawe uwe na akili ya kuuliza kwa nini. Na siku utakayokosea, maana utakosea, upate mtu wa kwenda naye na usipunguze. Ukifika kwa yule mama, msalimie, kisha angalia mkononi mwake anashonea kamba ya rangi gani, urudi uniambie.